Tuache Kujificha Nyuma ya Mila

Kila mara tunapokutana katika chama chetu na mutu analeta maneno ya wazee, kuna neno moja linalotoka mbele ya yote. Linatoka katika kinywa cha mwalimu, cha pasteri, cha mufanyakazi wa ofisi, hata cha kijana aliyerudi juzi kutoka masomo ya Lubumbashi: "Bazungu njo banatupaka bazee yabo ku manyumba. Siye batu ya hapa, tunalindaka bazee yetu siye benyewe." Wote wanaitika: njo vile. Tunapiga makofi, tunakunywa, tunarudi nyumbani.

Sisi tunaoandika kurasa hizi tumelisema neno hilo pia, na zaidi ya mara moja. Leo tunalipinga. Tunalipinga kwa sababu si la kweli tena, na kwa sababu kuna watu wanaolia chini yake.

Tuanze na nyumba moja katika komine ya Manika, ambayo hatutataja jina lake. Muzee wa nyumba ile aliingia Gécamines mwaka wa 1970, akiwa kijana. Aliondoka mwaka wa 2003, pamoja na wenzake zaidi ya 10,000, katika ile operesheni ya feza ya Benki ya Dunia ambayo watu waliiita depar volonter. Leo muzee anaamka saa kumi ya usiku. Anavaa bote zake za kazi, anatafuta kofia yake, anatoka kungojea basi ya posti ya asubui. Basi ile haipiti tena tangu miaka mingi. Basi anakwenda kwa miguu mpaka kwenye mulango wa kampuni moja, anawaambia walinzi wamufungulie, kwa sababu shefu atakasirika. Siku ya kwanza walicheka. Siku ya tatu walimusukuma, akaanguka. Siku ingine alionekana kando ya mabaki ya madini ya Kingamyambo, bote zimejaa matope, anahesabu kamyo zinazopita.

Anayemuchunga ni binti yake wa tatu. Alikuwa na meza sokoni, anauza unga wa bukari na samaki wa kukauka. Leo meza haiko. Alinunua kufuli, akawa anamufungia baba yake ndani kila anapokwenda kuteka maji. Halafu akaanza kumufunga muguu mumoja kwenye kitanda kwa kitambaa, juu asianguke mu shimo za wachimbaji. Alipotuelezea maneno hayo hakulia. Alituuliza tu: "Bayaya, hii njo mila?"

Jamaa ilikuwa imekutana mara mbili. Kaka wakubwa walikuja na motokari zao. Mumoja alitoa franka za dawa. Mwingine alileta mutu wa maombi. Shangazi mumoja alisema kwa sauti ya chini kwamba muzee anayetembea usiku hatembei peke yake, anatembea na wenzake. Na kila mutu alimaliza kwa lile neno letu: siye tunalindaka bazee yetu. Saa kumi na moja ya jioni wote walikuwa wamerudi kwao. "Siye" ilibaki mutu mumoja, na mutu huyo ni mwanamuke.

Tuite kitu kwa jina lake

Mutu anapozeeka, kusahau kidogo si ajabu. Kusahau pahali ulipoweka miwani, ukaikumbuka jioni, hilo ni la kila mutu. Lakini kusahau miwani ni ya kazi gani, kupotea katika njia uliyopita miaka 40, kuuliza neno moja mara 10 katika saa moja, kumwita binti yako kwa jina la mama yako aliyekufa, hayo ni ugonjwa. Wanganga wanauita demansi. Sisi tutauita ugonjwa wa kusahau, ijapokuwa unakula zaidi ya kumbukumbu: unakula pia luga, usingizi, haya na uvumilivu.

Namna inayopatikana zaidi ya zote ina jina la munganga wa Ujerumani, Alois Alzheimer. Alieleza kisa cha mugonjwa wake mbele ya wanganga wenzake tarehe 3 Novemba 1906. Siku sita mbele ya pale, tarehe 28 Oktoba 1906, Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeanzishwa. Kampuni tuliipokea, tukajifunza kila neno lake, mpaka bei ya shaba katika soko la London. Ugonjwa hatukujifunza hata jina lake. Namna ingine inatoka katika mishipa ya damu: tansio isiyotunzwa, kupooza kidogo kidogo ambako nyumba inakuita uchovu.

Tuangalie pia kosa la upande mwingine. Si kila muzee anayechanganyikiwa ana ugonjwa huu. Malaria, maambukizo ya mukojo, kukosa maji mwilini, ugonjwa wa tezi ya shingo, kukosa vitamini B12, huzuni kubwa ya kufiwa, kutosikia vizuri: haya yote yanaweza kumufanya muzee aseme ovyo, na mengi yanapona. Kwa hiyo mulango wa kwanza ni wa hopitali, si wa chumba cha maombi. Muzee aliyebadilika gafula katika siku mbili au tatu apelekwe kwa munganga siku ile ile.

Na lile neno la shangazi? Tunajua linafikisha wapi. Katika Kisii, inchi ya Kenya, mwaka wa 2008 watu 11, wengi wao wazee, walichomwa moto kwa kuitwa walozi. Katika Kivu ya Kusini, inchi yetu wenyewe, mwaka wa 2021 wanawake walioshitakiwa ulozi walichomwa na kuuawa. Mambo hayo yanaanza nyumbani, kwa sauti ya chini, katika mukutano wa jamaa. Tuseme wazi: muzee anayetembea usiku hatembei na wenzake. Saa ya ndani ya ubongo wake imeharibika, haitofautishi tena usiku na muchana.

Shirika la Afya la Dunia linahesabu watu milioni 57 wenyi ugonjwa huu katika mwaka wa 2021, na zaidi ya 60 kwa kila 100 wanaishi katika inchi zisizo tajiri. Basi wanaosema "ni ugonjwa wa wazungu" wamekosa hesabu. Karibu na sisi, katika wilaya ya Hai kwenye Kilimanjaro, Tanzania, wachunguzi walipita vijiji katika miaka ya 2009 na 2010 na kuwaona wazee karibu 1,200 wa miaka 70 na zaidi. Walikuta karibu 6 kwa kila 100 wana demansi. Wale ni watu wa shamba, wanaokula ndizi na mahindi, wanaokaa na watoto na wajukuu. Shirika lile lile la Afya linasema kwamba saa 70 kwa kila saa 100 za kuwachunga wagonjwa hawa duniani zinatolewa na wanawake. Katika ile nyumba ya Manika ni 100 kwa 100.

Mila ilikuwa kazi ya watu wengi

Wanaosema kwamba mila yetu ilitunza wazee wanasema kweli nusu. Ilitunza. Lakini namna gani? Hapo ndipo tunaposahau, sisi wenyi akili timamu.

Katika vijiji vya Bandembo na Batshokwe palikuwa chota: kibanda kisicho na ukuta, katikati ya kijiji. Wanaume walikaa pale, walikula pamoja, walikata maneno, walipokea wageni. Chakula kilitoka katika majiko mengi. Muzee aliyeanza kupoteza kichwa alikuwa anakaa pale tangu asubui, mbele ya macho ya watu wote. Akirudia kisa kimoja mara tatu, wasikilizaji watatu walipokezana. Akitaka kuondoka, mutoto yeyote alijua ni nani na ni wa nyumba gani. Wamama wazee walikuwa na kivuli chao, na kazi zao za mikono: kuchambua mboga, kubembeleza watoto wa wengine. Jioni kila mutu alirudi katika nyumba yake. Hakuna mutu mumoja aliyeitwa "mwenyi kumuchunga". Alichungwa na pahali.

Hatusemi kijiji kilikuwa paradiso. Wachache walifikia umri ule, na maneno ya ulozi yalikuwa pale pia. Tunasema tu kwamba muzigo ulikuwa na mabega mengi. Kidole kimoja hakiuwi chawa.

Hata kumbukumbu yenyewe, wakubwa wetu hawakuiacha katika kichwa kimoja. Baluba walikuwa na lukasa, ubao wa muti unaoshikwa mukononi, wenyi shanga na makombe. Watu wa kumbukumbu wa chama cha Mbudye, bana balute, walipitisha vidole juu yake na kusimulia habari za wafalme na asili ya inchi. Watu wale walifundishwa kazi ya kukumbuka, na bado walihitaji ubao, vidole na kikundi. Sisi leo tunamutaka muzee mugonjwa akumbuke peke yake, katika chumba kilichofungwa, akiangalia ukuta.

Kisha tuliingia kambini. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière ilileta wake na watoto, ikajenga nyumba, shule na hopitali, ikagawa unga. Nyumba ya kambi ilikuwa nyumba ya mutu wa kazi, muke na watoto wake. Chota haikuwa na pahali katika mistari ile iliyonyooka, na muzee vilevile, kwa sababu watu walihesabu kwamba muzee atarudia kijijini. Wengi hawakurudia. Walizeeka hapa, katika Musonoi, Luilu, Kapata, Mutoshi, Dilala. Na muji uliowazunguka si muji wa kupotea salama. Mutu anayekosa njia katika Kolwezi anakutana na kamyo za asidi, na mashimo ya wachimbaji, hata katikati ya manyumba. Kasulo tangu mwaka wa 2014 watu walichimba kobalti mpaka chini ya vyumba vyao wenyewe.

Lakini muji huu huu ulionyesha pia kwamba watu wanaweza kutengeneza undugu upya. Katika miaka ya 1950, katika kambi ya Musonoi, Padri Placide Tempels pamoja na wanaume na wanawake wa kambi walianzisha Jamaa. Si kazi yetu hapa kuhukumu mafundisho yake. Tunakumbusha tu tendo: watu wa makabila mbalimbali, waliotoka mbali na vijiji vyao, waliitana baba, mama na mutoto, na wakachukuliana mizigo. Hawakungojea damu moja. Kama baba zetu waliweza vile mbele ya miaka 70, sisi tunashindwa nini?

Nyumba ya muchana ni nini

Tunachoomba kina jina jepesi: nyumba ya muchana. Muzee analetwa saa moja na nusu ya asubui, anarudi kwake saa kumi. Halali pale. Hakuna kitanda cha usiku, na hakuna mutu anayemwandikisha ili amwache.

Inahitaji nini? Sala moja kubwa, na makanisa yetu yana sala nyingi zinazokaa wazi tangu Jumatatu mpaka Ijumaa. Uzio na mulango mumoja wenyi mutu, ili muzee atembee anavyotaka bila kufika barabarani. Kivuli, choo cha karibu, maji. Watu watatu au wane waliofundishwa, wenyi subira na wenyi kusema luga za wazee, kwa sababu ugonjwa huu unakula luga za shule mbele na kuacha ile ya utoto. Mupishi mumoja. Infirmie anayepita mara moja kwa juma kupima tansio na kuangalia miguu, macho na masikio.

Na wanafanya nini pale? Wanafanya kazi za maisha yao. Wamama wanachambua sombe na maharage. Wazee wa mugodi wanashika jiwe la malakiti, wanaligeuza, na mutu aliyekuwa kimya tangu juma anasema lilitoka kina gani. Wanacheza kisolo. Wanaimba nyimbo za kanisa na za kazi, maana wimbo unabaki wakati majina yameondoka. Ni lukasa, ndugu musomaji, lakini ya watu wote.

Si ndoto. Katika ile wilaya ya Hai, wazee 34 wenyi demansi walikusanywa katika vikundi vidogo, mara 14 katika majuma saba, kwa mazungumzo, michezo na vitu vya kushika vilivyochaguliwa ili vipatane na maisha ya kule. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2017: akili zao zilifanya kazi vizuri zaidi, na hangaiko lilipungua. Ugonjwa haukupona, kwa sababu haujapata dawa ya kuuponyesha. Lakini walikuwa watu zaidi, na nyumba zao zilipumua. Katika Nairobi, Elizabeth Mutunga, aliyeona baba yake mwenyewe akipatwa na ugonjwa huu, aliunda chama cha inchi ambamo wanaochunga wanakutana, wanafundishana, wanasikilizana. Hilo ni nusu ya pili ya kazi, na wengi wanaisahau: nyumba ya muchana inamutunza muzee, inamutunza vilevile yule anayemuchunga. Saa nane na nusu za muchana zinampatia binti wa Manika meza yake sokoni. Zinampatia hata usingizi. Mutu aliyelala hafungi baba yake kwa kitambaa.

Wengine watasema: tuna hopitali ya magonjwa ya akili Lubumbashi, kituo cha Joseph Guislain cha Mabruda wa Upendo. Tunawaheshimu kwa kazi yao. Lakini Lubumbashi ni kilometa 300 hivi, na muzee huyu hahitaji kulazwa. Anahitaji pahali pa kukaa muchana, karibu na nyumba yake.

Majibu kwa wanaotupinga

Kwanza wanasema: ni kitu cha wazungu. Tunawauliza: posti ya usiku ilikuwa ya nani? Pansio? Motokari zile zilizokuja kwenye mukutano wa jamaa? Mugeni tunamupokea kila siku anapotupa faida. Tunamwita mugeni siku ile tu anapotuomba kazi. Na kama ni lazima kutafuta mufano wa mbali, tusiangalie wazungu, tuangalie Japani, pahali ambapo heshima ya wazee ni mila kama kwetu. Tangu mwaka wa 2000 inchi ile ina bima ya kuwatunza wazee. Asubui motokari ndogo inapita nyumba kwa nyumba kuwakusanya, wanaoga, wanakula, wanaimba, na jioni inawarudisha. Hakuna Mujapani anayesema kwamba hapo amemutupa mama yake.

Pili wanasema: leo mutaleta muzee muchana, kesho mutamwacha na usiku. Hili ndilo neno lenyi nguvu, na wanaolisema ni watu wa haki. Hatutalizarau. Ni kweli, kuna jamaa zitakazojaribu. Kwa sababu hiyo tunataka sheria zilizoandikwa kwenye mulango. Muzee anarudi kila jioni. Mutu wa jamaa anakuja kutumika pale siku moja kwa mwezi, na zamu ya kwanza ni ya kaka wenyi motokari. Hakuna kufunga mutu kwa kamba. Hakuna maombi ya kufukuza pepo juu ya kichwa cha mugonjwa. Hakuna kupiga wazee picha za kutafutia feza. Lakini wanaoogopa kuachwa, sisi tunawauliza: na kufuli tunaiita nini? Muzee wa Manika ameachwa tayari. Ameachwa nyumbani kwake, katikati ya watoto wake saba, na binti yake ameachwa pamoja naye.

Tunapenda kurudia kwenye kila kilio lile neno la Amadou Hampâté Bâ wa Mali, alilolisema UNESCO mwaka wa 1960, juu ya muzee anayekufa na maktaba inayoungua. Neno zuri. Lakini maktaba ikianza kupoteza kurasa zake moja moja, mwenyewe angali hai, tunaifungia na kungojea kilio ili tuisifu. Kwa kilio feza inapatikana: hema, viti, ngombe, tisheti zenyi picha yake. Nusu ya feza ile ingemulisha bukari ya muchana mwaka muzima.

Tatu wanasema: vijana kwanza. Kolwezi ina watoto wanaochimba, ina shule zisizo na madawati, munatuletea wazee? Tunajibu: ingieni katika nyumba. Mutaona mujukuu wa miaka 11 ambaye hasomi leo, kwa sababu mama amekwenda kutafuta chakula na mutu fulani lazima amuchunge Kambo. Kumusaidia Kambo ni kumurudisha mutoto shuleni. Ni nyumba moja, si nyumba mbili.

Kingamyambo inatufundisha

Mwisho wanasema: feza haiko. Hapa tunaomba wasomaji wetu waangalie upande wa Kingamyambo.

Tangu miaka ya 1950, kiwanda cha kusafishia madini cha Kolwezi kilitupa mabaki yake pale: matope, reje, kitu ambacho kazi yake imekwisha. Watoto wetu walikua wakiona mulima ule wa rangi bila kuuhesabia kitu. Kisha wenyi hesabu walipima, wakakuta shaba na kobalti zimebaki ndani. Makampuni yaligombana mpaka mbele ya wasuluhishi wa kimataifa, na mwaka wa 2012 kampuni moja ililipa ingine dola miliari 1.25 ili kumaliza ugomvi juu ya migodi ya Katanga, na reje za Kolwezi zilikuwa ndani ya hesabu ile. Leo matope yale yanapita tena kiwandani. Tunajua basi kufanya kazi kwa mabaki. Kwa matope tulipata wanasheria, benki na mashine. Kwa wanaume waliochimba madini yale, na kwa wanawake waliowapikia, tunasema feza haiko.

Iko, na sheria inasema iko wapi. Kodeksi ya migodi iliyobadilishwa mwaka wa 2018 inatoa 15 kwa kila 100 ya mrabaha wa madini kwa komine, sekteri au shefri ambamo mugodi uko. Inalazimisha tena kila kampuni kutoa angalau 0.3 kwa kila 100 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Na Katiba ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 49, inasema kwamba mutu wa umri wa tatu ana haki ya ulinzi wa pekee kadiri ya mahitaji ya mwili, ya akili na ya roho yake. Imeandikwa "ya akili". Hatuombi zawadi, tunaomba deni.

Tuseme basi nani afanye nini. Wakubwa wa komine za Dilala na Manika waweke nyumba ya muchana katika mupango wa feza ya mrabaha, moja kwa kila komine kwa kuanza. Wale wanaoandika daftari za mahitaji pamoja na makampuni waongeze muzee kando ya kisima na shule, kwa sababu mpaka leo tunapoketi kuandika daftari zile tunasahau wazee kama wao wanavyotusahau sisi. Maparokia na makanisa yafungue sala zao siku za kazi. Wanganga na mainfirmie wafundishwe kutofautisha ugonjwa wa kusahau na malaria ya siku mbili. Na kaka wakubwa waache kuleta hotuba kwenye mukutano wa jamaa. Walete siku: Jumanne ni yangu, Alhamisi ni yako.

Sisi wa chama hiki hatutangojea komine. Tumekubaliana kwamba kila Jumamosi wawili wawili kati yetu tutakaa na wazee wanaosahau, chini ya muembe wa pahali petu pa mikutano, tangu asubui mpaka saa nane, ili wanaowachunga waende sokoni au walale. Si nyumba ya muchana bado. Ni kivuli, mkeka, kisolo na sufuria ya bukari. Anayetaka kutuonyesha kwamba anajua mila, aje achukue zamu.

Binti wa Manika alituuliza kama kufuli ni mila, na siku ile tulinyamaza, kwa sababu tulikuwa na haya. Sasa tunajibu: hapana, mama. Mila ilikuwa chota, na haukupaswa kuijenga peke yako. Jumamosi utuletee baba. Bote zake asizivue, na njiani mwambie kwamba kazi inamungojea.